Meza Mate Kwanza, Halafu Malizia

Karakana ya viatu,
Jumatano, chai ya pili

Kwako shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, mtu wa mwisho aliyebaki duniani mwenye ruhusa ya kunitukana,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea uzigawe: nusu chukua wewe, nusu lipe lile goti lako la kushoto. Linaendeleaje? Uliandika kwamba siku hizi linalia kama bawaba ya mlango. Nikajisemea, bora wewe una kitu kinacholia nyumbani. Kwangu hata panya wamehama, nadhani wamechoka kunisikiliza nikipiga chafya. Ukiniuliza mimi, ni mzima. Meno yaliyobaki yanaheshimiana. Macho yanaona vizuri vitu vya mbali nisivyovihitaji. Masikio, ambayo ndiyo hasa habari ya barua hii, yana afya kuliko mwenyewe.

Kabla sijapotea kwenye maneno yangu, nakuomba jambo moja. Ile barua uliyoliandikia Baraza la Mitihani ya Muziki, ya kumshitaki yule mtahini mwanamke kwamba anadharau wazee na kuwaangusha makusudi, ambayo umesema utaituma Ijumaa, usiitume. Iweke juu ya kabati, chini ya kitu kizito. Ndiyo maana hii yangu nampa dereva wa basi la asubuhi, yule ninayemshonea viatu bila kumsimanga miguu yake, aifikishe mkononi mwako kabla ya siku hiyo. Sababu nitakupa. Lakini unanijua: dada yako alikuwa akisema nikitumwa chumvi narudi na habari zote za mwenye duka, chumvi sina. Kwa hiyo kaa chini, nyoosha goti.

Unaikumbuka nyumba yetu. Mbele karakana yangu, nyuma yake chumba cha piano, katikati ukuta wa mbao ambao hata kikohozi kinapita bila kuinama. Miaka arobaini na mmoja nilikaa upande huu na misumari mdomoni, yeye upande ule na watoto wa watu, anawaandaa kwa mtihani wa kusikiliza. Nikipigilia soli nje ya mapigo, aligonga ukuta kwa mgongo wa brashi ya nywele, mara mbili, nami najirekebisha. Wateja walidhani nina akili ya kazi. Kumbe nilikuwa nafuata somo la mtoto wa daktari.

Mimi niliyeacha shule darasa la nne, baada ya mwalimu na mimi kukubaliana kwamba tunapotezeana muda, nilisoma kupitia ukutani. Sehemu ya nne ya mtihani ndiyo niliyoipenda. Mwalimu anapiga kipande kifupi, mwanafunzi anasikiliza tu, halafu anaulizwa: mwendo ulikuwaje, sauti imepanda wapi na kushuka wapi, noti zimeshikana au zimeachana, na mwisho wa yote, huu ni mtindo wa enzi gani na umejuaje. Dada yako alikuwa na enzi nne, nami nilizitunza kichwani kwa namna yangu. Baroki, sauti mbili tatu zinafukuzana kuzunguka meza na hakuna inayochoka. Klasiki, watu wa adabu, mmoja anaongea juu, wengine chini wanaitikia ndiyo bwana. Romantiki, mtu ameachwa na anataka mtaa mzima ujue. Na Kisasa, kabati la vyombo limeanguka, lakini limeanguka kwa makusudi.

Siku moja mtoto mmoja alibabaika kwa muda mrefu mno, uzalendo ukanishinda, nikatema misumari nikapaza sauti ukutani kwamba hiyo ni Klasiki, sema Klasiki tuende tukale. Mtoto akasema. Dada yako akatoka, akanisifu kwa kupatia, kisha akanyang'anya nyundo yangu kutwa nzima.

Hayo yalikwisha siku tuliyomzika. Miaka miwili sasa. Watu bado wanaleta viatu, ila viatu haviongei, na wenye viatu nao siku hizi wameanza kufanana navyo. Siku moja nilihesabu maneno niliyosemeshwa tangu kufungua mpaka kufunga. Yalikuwa kumi na moja, na manne kati ya hayo yalikuwa hiki kiatu cha kulia. Ukuta ule niliuzoea kwa kelele, sikujua una kimya kikubwa hivyo. Nikipigilia msumari hovyo nasubiri brashi. Napigilia tena hovyo zaidi. Nimeharibu soli nzuri za watu kwa kusubiri kugombezwa.

Ndipo mama mmoja akaleta viatu vimefungwa kwenye karatasi, karatasi yenyewe tangazo la mtihani wa kusikiliza, na chini limeandikwa kwamba mtahiniwa anaweza kuwa wa umri wowote, na kwamba daraja hilo la kusikiliza halidai kupiga chombo. Nikakuandikia kwamba nimejiandikisha. Ukanijibu kwamba umecheka mpaka mumeo akaja na maji. Sikukuambia, lakini kicheko kile nilikisoma mara tatu.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa watoto waliochanwa nywele kwa hasira, na mama zao. Mama mmoja akaniuliza kwa upole mjukuu wangu yuko wapi. Nikamwambia mjukuu ndiye mimi, babu amebaki nyumbani anaumwa. Binti wa miaka kama tisa aliyekaa pembeni yangu akanishauri, kwa siri, kwamba nikikwama niseme Romantiki, mara nyingi inakuwa hiyo. Nimepata ushauri mbaya zaidi kwa watu wazima.

Chumba cha mtihani kina meza yenye kitambaa cha kijani, jagi la maji, na piano nyeusi ambayo pedali yake inalia kidogo. Mtahini ni mwanamke wa makamo, miwani yake ameitundika shingoni kwa uzi. Mimi, unajua, mtu namsoma kuanzia chini. Viatu vya kahawia, kisigino cha kulia kimelika kwa nyuma kuliko cha kushoto. Ni ugonjwa wa watu wa pedali. Kisigino kinakaa sakafuni, vidole vinafanya kazi. Cha dada yako nilikibadilisha kila mwaka. Nilipokiona nikajiona niko kwa jamaa.

Akanipa mapigo ya kurudisha kwa makofi, nikayarudisha. Akanipa tuni ya kuimba, nikaimba kwa sauti hii yangu ya mlango wa ghala, naye hakucheka, Mungu ampe. Ikaja sehemu ya nne, ambayo ina vipande vitatu. Akapiga cha kwanza, cha polepole. Na mwishoni, kabla ya sauti ya mwisho kabisa, akainua mikono, akaiacha hewani, muda wa mtu kumeza mate, halafu akaishusha.

Shemeji, nilihisi kama mtu amegonga ukuta.

Maana wewe unajua, miaka yote ile nilisikia dada yako akiwaambia wanafunzi wakifika mwisho: meza mate kwanza, halafu malizia. Kila kipande, kila enzi, awe anapiga wimbo wa kulaza mtoto au wa kuvunja vyombo, alimaliza hivyo. Ilikuwa alama yake, kama mimi ninavyofunga uzi wa mwisho ndani ya soli mahali asipopaona mtu. Sasa mwanamke nisiyemjua amemeza mate ya mke wangu mbele yangu, halafu akageuka kwenye stuli na kuniomba nimweleze nilichosikia.

Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mazishi. Nilifungua mdomo, ukabaki wazi kama kiatu kilichoachia soli. Akanisaidia, akauliza kuhusu mwendo. Nikatazama pedali. Akauliza mtindo. Nikamwambia huu ni wa nyumbani kwangu. Akanimiminia maji. Vipande viwili vilivyobaki sikujibu kitu. Nikaanguka, na nilistahili.

Sasa anza kukunja sura, shemeji, maana hapa ndipo ninapohitaji unisamehe. Nilikuandikia kwamba yule mwanamke aliitazama mikono yangu yenye rangi ya viatu, akaguna, akafunga daftari. Ni uongo. Hakuguna. Aliniuliza kama nina mtu wa kunisindikiza nyumbani, na mimi nikamjibu kwamba ninao wengi wananisubiri nje. Huo nao ulikuwa uongo, ila wa adabu.

Kwa nini nilimsingizia? Kwanza, nisingeweza kukuandikia kwamba nimemsikia dada yako kwenye vidole vya mtu mwingine, tena nikuandikie wewe, baada ya lile nililokufanyia kwenye piano ile. Pili, ulinijibu kwa kurasa nne! Wewe ambaye tangu mazishi ulikuwa unaniandikia nusu ukurasa, kavu ukitoa kicheko kile kimoja, kama tangazo la kukatiwa maji. Kurasa nne za kumtukana mtahini kwa niaba yangu. Nilizisoma kwa zamu, ukurasa mmoja kwa siku, na siku ya tano nikaanza upya.

Mara ya pili nilikwenda nimejiandaa. Akapiga kipande, nikakijua tangu hatua ya tatu, Baroki ya waziwazi, na mwishoni akameza mate, nami nikameza naye. Aliponiuliza, jibu lilikuwa ulimini limekaa tayari. Ndipo nikawaza. Nikifaulu, itakuwaje? Kanuni za Baraza zinasema ukishafaulu daraja lile huruhusiwi kulirudia, na la juu yake linadai kupiga chombo. Chombo ninachokiweza ni nyundo. Basi nikifaulu, nani atanipigia tena? Nani atageuka kwenye stuli na kuniuliza nimesikia nini? Nikamwambia ni Kisasa.

Akaniuliza sababu. Hapo mdomo ukanisaliti, maana kudanganya jina naweza, ila kazi ya mtu siwezi kuisingizia. Nikamwambia nyuzi ni mbili, kila mmoja unakwenda njia yake lakini kwenye kila kona zinakutana bila kugongana, mishono mifupi, sawasawa, haiharakishwi, na mshonaji ni mtu mcha Mungu asiyetupa hata kipande cha ngozi. Akanitazama juu ya miwani, akaandika maneno mengi kuliko niliyoyasema. Vipande vyote vitatu nikavieleza hivyo, na vyote vitatu nikavipa jina lisilo lake. Nikaanguka tena, safari hii kwa ustadi. Nikaja nyumbani napiga mluzi, nikakuandikia kwamba yule mwanamke ana roho mbaya. Kurasa sita ukanijibu. Na mwisho wa ile ya sita, habari ya kumshitaki.

Nilidhani ni maneno ya hasira tu. Mpaka wiki iliyopita ukaniambia barua ipo tayari, na kwamba mumeo ameisoma akasema ina nguvu, mwanamke huyo hatabaki kazini. Nikakaa na barua yako mapajani mpaka gundi ikakauka kwenye brashi.

Basi Jumatatu nikaenda mara ya tatu. Nilitaka kumsikia mara moja tu ya mwisho, halafu nije nikuambie ukweli. Mchoyo hana siku yake ya kuacha. Akapiga cha kwanza, nikakipindua jina. Akapiga cha pili, kirefu kidogo. Nikamwambia mishono ni mirefu, sindano hainyanyuki, ngozi ni laini inavutika, inaanza kimya halafu inajaa mpaka inaumiza, ni mtu amerudi nyumbani amekuta kila kitu kipo mahali pake isipokuwa aliyekipanga. Halafu nikasema, kwa hiyo ni Baroki.

Akaweka kalamu chini. Akaniambia kwamba ana miaka kumi na tisa katika kazi hii, na ameona watu wengi sana wanaojua majina bila kusikia kitu, lakini mtu anayesikia kila kitu halafu akakosa jina mara tano mfululizo hajawahi kumwona, kwa sababu hata kuku akidonoa karatasi angepatia moja. Akaniuliza, mzee, unatafuta nini humu?

Nikamwambia natafuta mate.

Usicheke, na yeye hakucheka. Nikamwomba anieleze nani alimfundisha kungoja kabla ya sauti ya mwisho. Akashituka, akasema hakuna aliyewahi kumgundulia, hata yeye alikuwa amesahau kwamba anafanya. Akasema alipokuwa mdogo alifundishwa na mzee mmoja, kwenye mji wa makutano ya reli, mzee mkali aliyepiga vidole kwa rula ya mbao yenye ufa. Na mzee huyo, kila wakifika mwisho, aliwaambia wameze mate kwanza.

Mwalimu Rula, shemeji! Yuleyule mliyekuwa mnanisimulia wewe na dada yako huku mnajishika vidole kama vile bado vinauma. Ndiye mliyepelekwa kwake kila Jumamosi, mkakaa kwenye benchi moja kwa sababu piano ilikuwa moja na subira yake ilikuwa nusu: dada yako kulia kwenye tuni, wewe kushoto kwenye sauti nzito na pedali.

Nakiri kwamba kwanza niliona wivu. Miaka arobaini na mmoja nilidhani kile ni cha mke wangu peke yake, kama kile kidoa chake cha shingoni, kumbe kinatembea kwa watu! Nikakaa pale nimenuna kama aliyeibiwa. Mtahini akaniambia kwa upole kwamba kanuni hazimruhusu kunipa alama kwa ninachokijua, ila kwa ninachokisema tu, na kwamba msimu ujao yeye anahamishiwa wilaya nyingine. Kimebaki kipande kimoja. Nitakachosema ndicho atakachoandika.

Akapiga. Mimi sikuangalia viatu vyake safari hii, niliangalia stuli. Ni ya mtu mmoja. Nikaanza kuwaza benchi letu, lile refu, na upande wake wa kushoto ambao haujakaliwa. Alipoinua mikono hewani, katika ule muda wa kumeza mate, ndipo likaniingia, na likaingia vibaya. Kama Mwalimu Rula aliwapa wote wawili, basi na wewe unacho.

Na siku ya pili baada ya mazishi wewe ulisimama mbele ya piano ya dada yako, ukaniomba upige mara moja tu, kimoja tu, upande wako. Nami nikashusha kifuniko, nikafunga kwa ufunguo, nikakuambia, nayaandika ili ujue sijayasahau, kwamba mikono ya kupiga piano hii iko chini ya udongo. Ulifunga begi lako, ukapanda basi la asubuhi. Nilikufukuza nyumbani wewe pamoja na sauti ileile, halafu nikaenda kuitafuta kwenye vyumba vya mitihani, najifanya mjinga mbele ya watoto wa miaka tisa.

Mikono ya mtahini ikashuka. Akanigeukia, akaniuliza. Nikamwambia mmoja anaongea juu, wengine chini wanaitikia, kila mtu anangoja zamu yake, na hii ni Klasiki, mwalimu, na hata zile nyingine nazijua zote. Akasema amesikia moja tu. Akaandika, akagonga muhuri, akasimama kunipa mkono. Nimefaulu kwa alama moja. Sasa sina mtahini tena.

Kwa hiyo barua yako ichane. Ukiwa na hasira iliyobaki, nielekeze mimi, anwani unayo. Yule mwanamke hana kosa. Nitawaandikia Baraza kwa mkono wangu kumsifu, hata kama hawatauweza mwandiko.

Ufunguo wa piano ulikuwa unaning'inia hapa karakana kati ya kamba za viatu. Jana nimefungua. Vumbi limelala kama lina kodi ya nyumba, vibao viwili vya juu vimenyamaza kabisa, na kimoja kikibonyezwa kinagoma kurudi. Vya kushoto vyote vinaitika. Benchi nimelivua kitambaa chake kilichochakaa, nimelivika ngozi ya kahawia, nzuri, niliyokuwa nimeificha nisimshonee mtu. Mishono mirefu. Sijalikalia.

Njoo, shemeji. Goti lisiwe sababu, nitakushonea kiatu cha kulipumzisha. Kaa upande wako, piga sehemu yako tu. Ya kulia iache wazi, usiijaze, mimi naijua yote, nitaisikia. Nitakuwa upande huu wa ukuta na misumari mdomoni, sitakuchungulia. Ukifika mwisho, umeze mate. Halafu uniulize nimesikia nini.

Msalimie mumeo, mwambie nguvu aliyoiona kwenye barua aitumie kwa njiwa wake wanaotoroka. Wasalimie watoto, hata yule anayeniita babu wa harufu ya gundi. Nikikusikia mlangoni nitaanza kupigilia hovyo, makusudi. Brashi ya dada yako ipo palepale juu ya piano.

Ni mimi shemeji yako, mwenye masikio na cheti,

Kisigino